Picha ya Shija

Jumamosi, 5 Novemba 1994

Nimehamia leo. Chumba kimoja mjini, mtaa wa Majengo, uani kwa mjane anayeitwa mama Cornelia. Kitanda cha kamba, meza inayoyumba, dirisha dogo linalotazama jiko la nje. Kuta zimepakwa chokaa, na hilo ndilo lililonifanya nikichukue. Asubuhi mwanga ukiingia chumba kizima kinakuwa cheupe kama karatasi.

Niandike ukweli mapema nisije nikajidanganya baadaye. Nina miaka thelathini na miwili. Miaka tisa nimefundisha shule ya msingi Laela, na kila siku ya Mungu nimechora ubaoni: ng'ombe, moyo wa binadamu, ramani ya Afrika. Kipindi kikiisha, monita anafuta. Nimechoka kufutwa. Nimeomba likizo bila malipo mpaka mwisho wa Mei. Ikifika hapo niwe naishi kwa kuchora, au nirudi darasani. Mwalimu mkuu alisaini huku anatikisa kichwa. "Serikali inapunguza watu, Silvana," akasema, "na wewe unajipunguza mwenyewe."

Kaka yangu Kasmir hakunisindikiza stendi. Mama alinifungia maharage kwenye kitambaa.

Jumanne, 8 Novemba

Nimeshinda sokoni na kitabu changu cha kuchorea. Nimekishona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi kutoka kiwanda cha uchapaji. Nimechora wauza dagaa, fundi baiskeli, mafungu ya nyanya. Muuza ulezi mmoja aliponiona alijifunika uso kwa kanga.

"Wewe dada, unanichora unipeleke wapi?"

Nikamwambia simpeleki popote.

"Basi niache hapahapa nilipo."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikuona tena cha kuchekesha.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama Cornelia hanipendi. Bora niliandike. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba bila kuinua macho, halafu anafagia mbele ya mlango wangu kwa nguvu, kama vile kuna uchafu niliokuja nao. Leo ameniuliza, "Mwalimu, huendi kazini?" Nikamwambia hii ndiyo kazi, nikamwonyesha brashi. Akaitazama ile brashi.

"Haya," akasema.

Alhamisi, 17 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele mpaka sijisikii nikifikiri.

Jumanne, 22 Novemba

Siku hizi kila mtu anafungua kitu. Zamani mji mzima tulikuwa na duka la ushirika na rafu zake tupu. Sasa kuna saluni, vioski, mitumba imemwagwa mpaka barabarani, na kila mlango unataka jina lake juu. Kijana mmoja anaitwa Vitus, ana kibanda cha video karibu na stendi, amenipa ukuta wa mbele.

"Sista, nataka jamaa mwenye misuli, bunduki hii hapa, na damu kidogo."

Nikamuuliza damu kiasi gani.

"Wewe weka tu, watu wataelewa wenyewe."

Nilimchora yule jamaa kutwa nzima. Watoto waliokusanyika nyuma yangu walikubaliana kwamba anatisha. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba, bila kukusudia, nimempa uso wa mwalimu mkuu.

Jumanne, 29 Novemba

Kuna mama wa Kisukuma anayeleta maziwa mtaani kwetu, wote wanamwita mama Kulwa. Yeye na mumewe walihamia huku na ng'ombe wao miaka michache iliyopita, wanakaa nje ya mji, ng'ambo ya kijito. Ana pacha, Kulwa na Doto, wanaobaki nyumbani na ng'ombe, na kadogo ka miaka minne kanakoitwa Shija, jina analopewa mtoto anayefuata baada ya pacha. Akija kuzungusha maziwa anamwacha Shija kwa mama Cornelia, pale jikoni uani.

Leo huyo Shija ameingia chumbani kwangu kimyakimya, akatumbukiza mkono mzima kwenye kopo la rangi ya bluu, akaukandamiza kwenye bango la saluni lililokuwa halijakauka. Sikumpiga. Nilimtoa nje, nikamfuta kwa mafuta ya taa, nikafunga mlango kwa komeo. Bango nimelirudia lote.

Jumanne, 6 Desemba

Mlango umefungwa kutwa. Kazi inakwenda vizuri mlango ukifungwa.

Jumatano, 14 Desemba

Nimegundua kwamba tangu nihamie hapa hakuna aliyeniita kwa jina langu. Mwalimu. Sista. Dada. Wewe. Nilikuwa nachambua maharage nikalitamka mwenyewe, kwa sauti: Silvana. Likasikika kama la mtu mwingine ambaye nimemkumbuka ghafla.

Jumapili, 25 Desemba

Sikwenda Laela. Mabasi yamekwama kwenye tope tangu juzi. Nilisali misa ya asubuhi, nikakaa nyuma, nikachora visogo. Mtu anaweza kujua mengi kwa visogo. Niliporudi nilikuta sahani ya wali na nyama kizingitini, imefunikwa. Nikadhani mtoto aliyetumwa amekosea mlango, nikangoja mwenyewe aje aifuate. Hakuja mtu. Nikala ikiwa imepoa.

Jumatatu, 9 Januari 1995

Mvua. Kuta zote za mji zimelowa, hakuna wa kupaka.

Jumanne, 10 Januari

Mvua.

Alhamisi, 19 Januari

Kondakta wa basi la Laela ameniletea debe la unga kutoka nyumbani, na salamu. Mama anauliza ninakula nini. Nikamuuliza, na Kasmir je? "Kasmir alipakia debe," akasema. "Hakusema kitu."

Jumamosi, 28 Januari

Naandika yaliyotokea tangu juzi, kwa kuwa juzi na jana sikuweza.

Alhamisi mchana mvua ilikuwa inamwagika. Nilikuwa chumbani, mlango nimefunga, nasikia tu maji. Nikasikia mama Cornelia anaita. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na sikudhani ananiita mimi.

"Mwalimu! Toka huko! Toka na mwavuli!"

Nilipotoka, mama Kulwa alikuwa amesimama jikoni, hana maziwa, amelowa mpaka kifuani. Kijito kilikuwa kimejaa na yeye alikuwa amekivuka na mtoto akiwa amemshika juu, kichwani. Shija alikuwa mikononi mwa mama Cornelia. Mwili wake ulikuwa wa moto hata bila kumgusa unahisi, na ulikuwa unakakamaa na kulegea, unakakamaa na kulegea. Macho yalikuwa yamepanda juu. Mama Cornelia alikuwa amemvua nguo na anamfuta kwa kitambaa cha maji, na wakati huohuo anasema naye kwa Kifipa, polepole, maneno ya kumbembeleza mtoto aliyeamka vibaya.

Tulitoka hivyo watatu, mimi nimeshika mwavuli juu ya kile kichwa. Gari la mnunuzi mmoja wa mahindi lilisimama likatubeba mpaka hospitali. Walimpokea haraka, wakamwekea dripu. Muuguzi mmoja alimtafuta mshipa kwa upole sana. Nilikaa mpaka jioni. Shija alikuwa ametulia, anapumua kwa mdomo, na mama Kulwa alikuwa ameshika kidole chake kimoja tu, cha mguu, kama mtu aliyeambiwa asimsumbue.

Ijumaa asubuhi nilipeleka uji. Nikamkuta mama Kulwa amekaa kwenye baraza la wodi, mikono juu ya magoti, na mama Cornelia amesimama nyuma yake. Nikainua chupa ya uji. Mama Cornelia akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, na mimi nikaendelea kuinua ile chupa kama mjinga.

Niliingia kumwona. Nilimtazama sana. Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unapapasa mfukoni unatafuta penseli. Sikuchora. Lakini mkono ulitafuta.

Tumemzika leo nyumbani kwao, ng'ambo ya kijito. Mume wa mama Kulwa, Maganga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, hakumruhusu mtu mwingine ashike jembe mpaka alipomaliza nusu ya kaburi. Pacha walisimama wameshikana mashati. Mama Cornelia alitembea njia nzima, kwenda na kurudi, na miguu yake ile mibovu. Tulirudi pamoja, yeye mbele na mimi nyuma.

Jumanne, 31 Januari

Mama Cornelia hafagii tena. Majani ya mparachichi yamejaa mlangoni kwangu.

Jumanne, 7 Februari

Mama Kulwa amerudi na maziwa. Alimpimia mama Cornelia, kisha akaja mlangoni kwangu, akasimama.

"Mwangaluka, mwalimu."

Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma. Nikampa pole tena. Akasema amepoa. Akavua kata ya kubebea ndoo kichwani, akaishika mkononi.

"Kulwa na Doto tuliwapiga picha kule studio, walipoanza kutembea. Shija tukasema mwakani. Kila mwaka tunasema mwakani. Hatuna picha yake."

Nikaitazama ile kata.

"Nakuona sokoni," akasema. "Unachora watu wasiotaka kuchorwa. Nichoree mwanangu."

Ningeweza kumwambia kwamba kuchora mtu aliyepo na kuchora mtu asiyekuwepo ni vitu viwili. Nikasema nitajaribu, mama Kulwa.

"Jina langu Minza," akasema.

Nikamwambia na mimi ninaitwa Silvana. Akalirudia, Silivana, polepole, akaondoka na ndoo yake.

Ijumaa, 10 Februari

Nimemwonyesha Minza picha ya kwanza. Aliishika kwa ncha za vidole. "Siyo yeye."

Jumanne, 14 Februari

Nimeongeza mashavu, nimepunguza paji la uso kama alivyonielekeza. "Siyo yeye."

Ijumaa, 17 Februari

"Siyo yeye, Silvana. Pole."

Ananipa pole mimi.

Jumapili, 26 Februari

Nimekwenda kwao. Minza alisema labda nikiwaona pacha nitapata kitu. Nilivuka kile kijito, leo maji ni ya kifundo cha mguu tu, mtu asingeamini. Walinipa kigoda na maziwa ya mgando. Nilimchora Kulwa, nikamchora Doto, nikachukua pua ya huyu na masikio ya yule, nikamtengeneza mtoto. Mtoto mzuri kabisa. Pacha wakamtazama wakasema hawamjui.

Maganga alikuwa ameegemea zizi muda wote. Alikuja akainama, akaitazama ile picha, kisha akaomba zile nyingine, zile tatu nilizokuja nazo. Akazipanga chini kwenye vumbi.

"Mwalimu," akasema, "hawa wote wanaumwa."

Sikumwelewa.

"Tazama midomo. Tazama macho. Unamchora mtoto anayeumwa. Mwanangu aliumwa siku mbili tu. Ameishi miaka minne."

Akaziokota akanirudishia, ametoa vumbi kwa mkono wake. Sikuweza kumaliza yale maziwa.

Ni kweli. Nimezipanga hapa mezani nikaziangalia, ni kweli kabisa. Nikifumba macho namwona yule wa wodini. Nimemtazama kwa makini siku moja tu katika maisha yake, na siku hiyo hakuwa tena mwenyewe.

Jumatano, 1 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka majivu bila kunitazama. Nikaona wivu kwa wote waliotoka kanisani wawiliwawili.

Alhamisi, 9 Machi

Vitus anataka ukuta wa pili, safari hii jamaa anaruka kutoka kwenye helikopta. Nimeupaka. Mkono unajua kazi yake hata kama mwenyewe hayupo.

Jumatatu, 13 Machi

Kondakta kaleta salamu nyingine. Mwalimu mkuu anasema asiyeripoti Juni mosi jina lake litaondolewa, nafasi yangu wameshaanza kuizungumzia. Na Kasmir je? "Amesema atakuja mwenyewe."

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiria ubao, chaki, watoto wakisimama na kuniamkia kwa pamoja. Wale angalau walikuwa wananiamkia.

Jumamosi, 18 Machi

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi mvua ilikata, jua likatoka, joto la ajabu kwa mji huu. Nilifungua mlango kukausha chumba. Mama Cornelia alikuwa jikoni kwake anachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Picha zote za Shija nilikuwa nimezibeba kwenda kuwashia moto, kwenye jiko langu la mkaa pale nje. Nikachana ya kwanza, nikachana ya pili.

"Unachana nini?"

"Picha, mama."

"Za nani?"

"Za Shija."

Akaendelea kuchagua maharage. Nikajua hata jina hilo nimelitaja vibaya, maana mikono yake ilikuwa inarudisha punje mbovu kwenye nzuri. Nikamsogelea. Mwezi mzima sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemuuliza baba, mama, pacha, hata Vitus aliyewahi kumpa pipi. Huyu aliyekaa naye kila siku ya maziwa sikumuuliza, kwa kuwa niliamua tangu Novemba kwamba hanipendi.

"Mama, naomba uzitazame. Uniambie nimekosea wapi."

"Mimi sijui mambo ya picha."

"Basi niambie habari zake."

Akachagua punje chache. Nikadhani ndiyo basi. Kisha akaweka ungo chini.

"Alikuwa hawezi kukaa kama watu," akasema. "Ukimpa kigoda anakisukuma. Nikawa namwambia, utapata baridi ya mawe. Hasikii."

"Alikuwa anakaaje?"

Akanitazama. Halafu huyu mama, mwenye miaka inayokaribia sabini na magoti yanayomtesa kila akiinuka, akasimama, akakusanya kanga yake, akavuka uwanja mpaka mlangoni kwangu. Akachuchumaa pale pembeni ya kizingiti. Goti moja akalipandisha juu, kidevu akakiweka juu ya goti, mkono mmoja ukaukumbatia mguu na mwingine ukawa unachezea vumbi. Kichwa akakigeuza kidogo, jicho likaelekea mlangoni.

"Hivi," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa anakaa. Hapahapa. Namwita aje ale, haji. Nikimuuliza unafanya nini hapo, anasema, *namngoja mwalimu afungue.*"

Nikautazama mlango wangu.

"Ukifungua kwenda chooni anakimbia, anajificha nyuma ya jiko. Ukifunga anarudi." Akatabasamu akiwa bado amechuchumaa. "Hakuwa na aibu kwa watu wengine. Kwako tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na bila yeye kuyajali, yanafuata mikunjo ya uso. Nikamwomba asiinuke. Nikaingia nikachukua kitabu na penseli, nikakaa chini kwenye udongo mbichi, mbele yake, nikamchora. Nilimchora mama Cornelia. Mgongo wake, goti lake, ile shingo iliyogeuka. Alinivumilia mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, ndipo nikamshika mkono kumwinua.

"Mlango ukiwa umefungwa," nikamuuliza, "alikuwa anausukuma?"

"Hapana," akasema. "Alikuwa anangoja tu."

Jumanne, 21 Machi

Namtoa mtoto polepole kutoka ndani ya mwili wa yule mama. Mabega yanapungua, goti linakuwa dogo. Uso sijaugusa. Mama Cornelia anapita, anasema mguu ule haukuwa mnene hivyo, anaendelea na safari zake.

Alhamisi, 23 Machi

Uso ni mdogo, nusu umegeuka. Pua kidogo, shavu, kope. Nilitaka kuongeza. Mama Cornelia akanishika kiwiko. "Acha sasa," akasema.

Ijumaa, 31 Machi

Minza alikuja na maziwa. Nilikuwa nimeiegemeza picha mezani, mlango wazi. Hakuingia. Alisimama pale nje na ndoo kichwani, akaitazama kutoka kule aliposimama. Sikumwambia kitu na mama Cornelia, aliyekuwa nyuma yake, hakumwambia kitu.

"Shija," akasema.

Hakuniambia mimi. Alimwita, kwa sauti ileile ya kila siku, ya mama anayepita kumchukua mtoto ili waende nyumbani. Kisha akashika ukingo wa mlango. Mama Cornelia akamtua ile ndoo. Minza akakaa kizingitini, akafunika uso kwa kanga, akalia, na sisi tukakaa huku na huku kwake. Maziwa yalichacha hatukuuza hata kikombe.

Kabla ya kuondoka akauliza, "Anamngoja nani?"

Nikamwambia. Sikuficha chochote, habari za bango, za bluu, za komeo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi alikuwa anajua atafunguliwa," akasema. "Shija hakuwa mtu wa kungoja bure. Angekupigia kelele mpaka mtaa ujae."

Sijui kama alisema hivyo kwa kunihurumia. Nimeshindwa kujua.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Nilikaa benchi moja na mama Cornelia. Anaimba vibaya sana.

Jumamosi, 22 Aprili

Wameondoka. Maganga anasema nyasi huku juu haziwatoshi, na wakulima wameanza kugombana nao kwa mashamba. Wanashuka bondeni, Kaoze, ambako ana ndugu. Walipita mjini alfajiri kwenye baridi, ng'ombe wakijaza barabara nzima. Picha imefungwa kwenye nailoni, Minza ameibeba mgongoni, ndani ya kanga, mahali pa mtoto. Doto alinipungia mkono. Maganga alisimama kabisa, akavua kofia.

"Ahsante kwa ile," akasema. "Yule haumwi."

Minza alinishika mkono, akaniita Silvana, akaondoka. Niliwatazama mpaka ukungu wa milima ya Mbizi ukawameza, na hata hapo kengele za ng'ombe ziliendelea kwa muda. Hakuna mwingine katika mji huu anayeniita Silvana.

Jumatatu, 24 Aprili

Nani atazungusha maziwa.

Jumamosi, 6 Mei

Nilijaribu kumchora tena Shija ili nibaki na yangu. Goti lilikuja, mgongo ukaja. Yeye hakuja. Nikaacha.

Jumatano, 17 Mei

Upepo wa baridi umeanza. Watu wanavunja mahindi. Mwanamke mmoja anaitwa Bertha amekuja kwa miguu kutoka kijijini kwao, ameisikia habari ya picha ya Wasukuma. Anamtaka baba yake aliyefariki masika haya. Nikasogeza penseli pembeni, nikamchemshia chai, nikamwuliza baba alikuwa anapenda kukaa wapi. Aliongea mpaka jua likageuka. Sijachora hata mstari. Amesema atakuja tena Jumatano.

Jumamosi, 27 Mei

Kasmir amekuja kama alivyoahidi. Niliposikia hodi nilijua kabla ya kufungua. Tangu utoto anagonga kama anayedai. Amevaa koti lake la kanisani. Akasalimiana na mama Cornelia kwa heshima zote, akaingia, akakaa kitandani, akatazama kuta.

"Fungasha," akasema. "Basi la Laela linaondoka saa nane. Jumatatu unaripoti mapema, wakuone una nia."

"Sirudi, kaka."

"Unakula nini?"

"Nakula."

"Unakaa na nani?"

Nikamwambia nakaa kwa mama Cornelia. Akatikisa kichwa kwamba hilo siyo jibu, na ni kweli siyo jibu. Akasema mama amezeeka, kila jioni anasogeza kigoda changu karibu na moto halafu anakirudisha. Akasema watu Laela wanamuuliza dada yako amepatwa na nini, na yeye hana la kuwaambia. Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake miezi yote hii, nikakuta mtu amechoka tu na safari.

"Naogopa," nikamwambia. "Siku nyingine sisemi na mtu mpaka jua linazama. Lakini sirudi."

Alivuta kitabu changu mezani, nadhani ili apate mahali pa kuweka macho. Akafungua ukurasa mmoja, mwingine. Wauza dagaa. Visogo vya kanisani. Vitus na kofia yake. Mama Cornelia amechuchumaa. Aliuangalia huo muda mrefu. Akaenda mpaka mwisho wa kitabu, akarudi mwanzo, akaanza tena, safari hii haraka, kama mtu anayetafuta kitu chake alichokiacha mahali.

"Umemchora kila mtu wa mji huu," akasema. "Sisi hatumo."

Nilitaka kusema kwamba ninyi nawajua, nitawachora wakati wowote. Nikamwangalia. Mvi zimeanza kwenye masikio. Kuna kovu chini ya kidevu ambalo sijui alilipata lini wala wapi. Ni kaka yangu wa tumbo moja.

"Kaa pale kwenye mwanga," nikasema.

Akahamia kwenye kigoda, karibu na mlango. Akafunga vifungo vya koti, akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliye mbele ya askofu.

"Niangalie wapi?"

"Popote unapopenda."

Akaangalia nje, uani, mama Cornelia alikokuwa anapepeta ulezi. Nikaanza na paji la uso. Tulikaa hivyo. Stendi basi la Laela lilipiga honi, likapiga tena kwa muda mrefu. Kasmir hakugeuza shingo.